Kikosi bora cha kriketi cha Kenya cha nyakati zote: chagua mwaka, usichague jina

Waambie mashabiki watatu wa kriketi ya Kenya kila mmoja aandike kikosi chake cha nyakati zote, na majina saba hivi yatafanana kwenye karatasi zote tatu. Steve Tikolo hajadiliwi. Thomas Odoyo vivyo hivyo. Ugomvi huanzia kwenye nafasi nne zinazobaki, na hauishi kwa sababu watu hubishania majina wakati wangepaswa kubishania miaka. Odoyo aliyeingia Kombe la Dunia la 1996 alikuwa kijana wa miaka 17. Odoyo wa 2007 alikuwa ndiye mchezaji bora wa mwaka wa nchi wanachama washiriki, zile zisizo za daraja la juu, tuzo ya Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC). Ukiandika "Odoyo" tu, hujasema unamwita yupi.

Basi kabla ya kulinganisha mtu na mtu, nimeweka masharti matatu. Mechi ni ya ova 50 kwa kila timu, ova moja ikiwa ni mipira sita. Mchezaji awe aliichezea Kenya mechi rasmi ya kimataifa ya siku moja, kwa hiyo tunaanzia Cuttack, tarehe 18 Februari 1996, dhidi ya India, na kuishia 2014, Kenya ilipopoteza hadhi ya kucheza mechi hizo. Na sharti la tatu, ambalo ndilo lenye makali: kila mmoja anakuja na kipindi chake kimoja tu. Alichokuwa anakiweza wakati huo anacho. Alichokiweza miaka minane kabla au baadaye amekiacha nyumbani.

Sharti la pili linaumiza, nakiri. Linamfungia nje Jawahir Shah, aliyeongoza kwa mikimbio 37 (mikimbio ndiyo alama za kriketi) timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilipocheza na India mjini Leeds katika Kombe la Dunia la 1975, siku ambayo timu nzima ilitolewa kwa 120 na India ikamaliza kazi bila kupoteza wiketi, yaani bila mpigaji wake yeyote kutolewa. Linamfungia Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi aliyecheza miaka mingi Nottinghamshire. Derek Pringle naye alizaliwa Nairobi, na baba yake, Don, alikuwa kwenye kikosi kile cha 1975, lakini mwana alivaa jezi ya Uingereza, kwa hiyo hata bila sharti hili asingetufaa. Ukitaka kuwaingiza wazee hao, andika kikosi cha pili. Kuwachanganya na watu wa 2003 ni kukisia tu, maana hawakukutana na warushaji wa aina moja wala sheria za aina moja.

Wanaofungua

Kwa nafasi za wapigaji wawili wa kwanza kuna watu wanne wa kweli: Kennedy Otieno, Dipak Chudasama, Ravindu Shah na Maurice Ouma.

Ukitazama rekodi peke yake, unaweza kuwachukua Otieno na Chudasama na kufunga daftari. Oktoba 1997, jijini Nairobi, wawili hawa waliikalia Bangladesh na kujenga ushirikiano wa mikimbio 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka. Otieno alimaliza na 144, Chudasama 122, Kenya ikafika 347 kwa wiketi 3. Chudasama, ambaye kazi yake ya mkate ilikuwa udaktari wa meno, hakuwahi tena kukaribia siku ile. Na hapo ndipo nauliza: je, siku moja kubwa dhidi ya Bangladesh ya wakati ule inatosha?

Mweke kando ya Ravindu Shah. Mei 1998, huko Gwalior, Shah alipiga 70 dhidi ya India ugenini, Kenya ikaweka 265 na kushinda kwa mikimbio 69. Alama zake ni pungufu kuliko 122, lakini mpinzani ni mwingine kabisa, na uwanja ulikuwa wa mwenyeji. Aliyemwona Shah akipiga atakwambia pia kwamba hakuwa mtu wa kupambana na mpira. Aliuacha uje, akausindikiza. Kwa timu ambayo itakuwa na wapigaji wenye pupa hapo chini, namtaka mtu wa namna hiyo juu. Shah anaingia.

Otieno hana mshindani. Mwaka 1996, huko Visakhapatnam, aliwapiga Australia 85, na mwaka 2003 aliongoza kwa 60 siku Sri Lanka ilipoanguka Nairobi. Nachukua Otieno wa 2003, kwa sababu inayohusu glavu.

Nyuma ya wiketi

Moyo unamtaka Tariq Iqbal. Kila mtu aliyeangalia ile mechi ya Pune dhidi ya West Indies, tarehe 29 Februari 1996, anamkumbuka: mtu mzito kidogo, mipira ikimponyoka kiasi kwamba watazamaji walikuwa wameanza kucheka. Kisha Rajab Ali akarusha mpira mmoja, Brian Lara, nyota wao, akiwa na mikimbio 8 tu, mpira ukagusa ukingo wa gongo, na Tariq akaukumbatia mpira kama aliyekuwa akiusubiri mwaka mzima. West Indies, waliokuwa wakifukuza 167, walitolewa kwa 93. Ni daka lililobadilisha historia ya kriketi Kenya.

Lakini daka moja si kazi ya ulinzi wa wiketi. Ova 50 zina mipira 300, na mlinda wiketi anachuchumaa kwa kila mmoja. David Obuya alikuwa mwepesi, Ouma alipiga vizuri zaidi kuliko Tariq, na wote wawili wanapitwa na Otieno mara unapohesabu kwamba yeye anakupa kazi mbili kwa nafasi moja. Glavu ni za Otieno, na nafasi iliyookolewa tutaitumia huko chini kwa mrushaji.

Namba tatu na namba nne

Tikolo, namba tatu. Mikimbio zaidi ya 3,300 katika mechi za siku moja, wiketi zaidi ya 90 juu yake, Kombe la Dunia mara tano kuanzia 1996 hadi 2011. Swali pekee ni Tikolo yupi. Yule wa Kandy, 1996, aliyepiga 96 baada ya Sri Lanka kuweka 398, jumla ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia katika mechi ya siku moja? Yule wa fainali ya Kombe la ICC la 1997 mjini Kuala Lumpur, aliyepiga 147 na bado Bangladesh wakashinda kwa mpira wa mwisho? Au nahodha wa 2003, aliyepiga 56 kwenye nusu fainali ya Durban wakati wenzake wakidondoka mmoja mmoja? Mimi namchukua wa 1997. Kwa upigaji mtupu sidhani Kenya imewahi kuwa na mtu aliye katika hali ile.

Namba nne ni Maurice Odumbe, na hapa wengi watafunga ukurasa.

Tuseme mambo kama yalivyo. Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano baada ya jopo lililoongozwa na jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe kumwona na hatia ya kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Alirejea uwanjani adhabu ilipokwisha, na 2018 akapewa ukocha wa timu ya taifa. Kama kikosi chako ni cha heshima, cha picha ya kutundika ukutani mwa klabu, una haki kamili ya kumwacha, na sitakubishia. Kama ni cha kushinda mechi, tazama unachokiacha: unahodha na wiketi 3 kwa mikimbio 15 siku ya Pune, 83 kule Gwalior, 82 dhidi ya Sri Lanka mjini Southampton 1999, katika ushirikiano wa 161 na Alpesh Vadher, na mwaka 2003 dhidi ya Bangladesh, 52 bila kutolewa pamoja na wiketi 4. Hakuna Mkenya mwingine aliyejitokeza kwenye siku kubwa mara nyingi hivyo kwa gongo na kwa mpira. Mimi nimemchukua Odumbe wa 1998. Anayemkataa amweke Vadher hapo, aijaze nafasi, na ajue amepoteza pia ova kumi za Odumbe za spini, mipira ya kuzunguka.

Namba tano: mkono wa kushoto

Hii ni fupi. Otieno, Shah, Tikolo, Odumbe, Odoyo, wote wanapiga kwa mkono wa kulia. Mrushaji akishapata mstari wake, hana sababu ya kuubadilisha. Hitesh Modi anapiga kwa kushoto, na kwa hilo peke yake anamlazimisha nahodha wa upinzani kuhamisha wadakaji kila wanapobadilishana ncha. Hakuwa mpigaji wa kuvutia macho, lakini alijua kukimbia mmoja mmoja, kazi ambayo namba tano huifanya mara nyingi kuliko kupiga sita. (Baba yake, Subhash, alikuwa mwamuzi wa kimataifa, na mwaka 2006 alimtoa mwanawe mwenyewe kwa mguu mbele ya wiketi (mguu kuzuia mpira uliokuwa unaelekea kwenye nguzo). Ukoo wa watu wanyoofu.)

Collins wawili

Hapa ndipo pa kukaa. Collins Obuya yumo kwenye kila kikosi ninachokiona, na karibu kila mara anaandikwa kama mtu mmoja mwenye mikono minne: anarusha kama 2003, anapiga kama 2011. Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Wale waliokuwepo ni hawa:

| | Collins wa 2003 | Collins wa 2011 |
|---|---|---|
| Kazi yake | Mrushaji wa spini ya kifundo cha mkono | Mpigaji wa kati |
| Siku yake kubwa | Wiketi 5 kwa mikimbio 24, dhidi ya Sri Lanka, Nairobi | 98 bila kutolewa, dhidi ya Australia, Bangalore |
| Matokeo ya siku hiyo | Kenya ilishinda kwa mikimbio 53 | Kenya ilishindwa kwa mikimbio 60 |
| Anapopiga | Chini, namba nane | Juu, namba nne hadi sita |
| Anaporusha | Ova kumi kamili | Ova chache za kuziba pengo |

Tarehe 24 Februari 2003 Kenya ilikuwa imeweka 210 tu. Sri Lanka walikuwa na Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene, Kumar Sangakkara, watu waliokula spini tangu utotoni. Collins aliurusha mpira polepole, juu kuliko kawaida, ukatua na kuelekea nje, mbali na gongo la mpigaji wa kulia. Wale watu wakawa wanaufuata badala ya kuusubiri. Nyuma ya wiketi kaka yake, Kennedy Otieno, alikuwa akiungoja kila ukingo. Sri Lanka ilitolewa kwa 157. Baada ya mashindano Warwickshire wakampa Collins mkataba, na baada ya hapo uchawi wa kifundo kile haukurudi tena kwa ukamilifu.

Miaka minane baadaye, Machi 2011, alisimama mbele ya Australia, timu yake ikifukuza 325, na akabaki na 98 mkononi ova zilipokwisha. Tanmay Mishra alikuwa naye kwa muda mrefu, akapiga 72. Ilikuwa zamu nzuri kuliko yoyote ya Mkenya katika mashindano yale, ambayo kwa mengine yalikuwa msiba: timu ilitolewa kwa 69 na New Zealand mjini Chennai na haikushinda hata mechi moja.

Uamuzi wenyewe ni wa jozi. Ukimchukua Collins wa 2011 kama namba sita, unabaki na nafasi moja ya mrushaji wa kasi, na anayeijaza ni Peter Ongondo. Ukimchukua Collins wa 2003 kama namba nane, namba sita inakuwa ya Mishra, na Ongondo anabaki benchi. Kwa hiyo unalinganisha Collins wa 2011 na Ongondo upande mmoja, Collins wa 2003 na Mishra upande wa pili.

Nachagua jozi ya pili bila kusita. Wapigaji wa kati walio tayari kupambana na Australia, Kenya ilikuwa nao angalau wawili siku hiyohiyo ya Bangalore. Mrushaji wa spini ya kifundo anayeweza kuwatoa wapigaji watano wa timu kubwa, Kenya ilimpata mmoja, kwa msimu mmoja. Kitu adimu ndicho cha kuanza kukishika. Sababu pekee ya kubadili mawazo ni uwanja. Kama mechi yako ya kufikirika inachezwa Uingereza mwezi Mei, kwenye nyasi mbichi na hewa nzito, rudi kwenye jozi ya kwanza. Kenya ilikwenda huko 1999 na kupoteza mechi zake zote tano.

Spini ya pili: Karim, Kamande, Varaiya

Aasif Karim alistaafu baada ya 1999, akaitwa tena kwa ajili ya 2003 akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Australia walikuwa wakifukuza 175 na Adam Gilchrist alikuwa amekwisha kuwasha moto. Karim akapewa mpira. Alirusha ova nane na mipira miwili. Sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Alitoa mikimbio 7 kwa jumla, akamwondoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia walishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwa mzee huyu wa Mombasa, ambaye pia aliwahi kuiwakilisha Kenya katika tenisi ya Kombe la Davis.

Takwimu zake za jumla, wiketi 27 katika mechi 34, hazishtui. Hiren Varaiya na Jimmy Kamande walikuwa na miaka mingi ya kazi ya kutwa. Lakini Varaiya, anayerusha kwa kushoto kama Karim, hakuwa na siku ya namna ile mbele ya mabingwa wa dunia, na Kamande anarusha aina ileile ambayo Tikolo na Odumbe tayari wanatupa bure. Karim anakaa vizuri pamoja na Collins kwa sababu wanapeleka mpira kule kule kwa njia mbili tofauti: mmoja kwa kifundo, mwingine kwa vidole vya mkono wa kushoto. Mmoja anauza mikimbio ili apate wiketi, mwingine hauzi kitu. Ukipewa nafasi ya spini moja tu, mchukue Collins kwa mechi ya kushinda na Karim kwa mechi ya kuzuia.

Kasi

Odoyo anafungua upande mmoja. Alikuwa na wiketi zaidi ya 130 na mikimbio zaidi ya 2,300, na kwa muda mrefu alikuwa ndiye olraunda (mtu anayepiga na kurusha) wa kwanza kutajwa nje ya nchi zinazocheza Test, mechi za siku tano za mataifa makubwa. Nachukua Odoyo wa 2007, maana kufikia hapo gongo lake lilikuwa limekomaa na namba saba inamhitaji.

Upande wa pili ni Martin Suji au Rajab Ali au Joseph Angara au Elijah Otieno, na kwa mpango wetu wa spini mbili tuna nafasi mbili. Suji anapata ya kwanza: mwaka 2003 mjini Bloemfontein alichukua 3 kwa 19 na Zimbabwe wakaishia 133, mechi iliyoipeleka Kenya nusu fainali. Hakuwa na kasi ya kutisha, bali alijua kuuweka mpira mahali pamoja mpaka mpigaji achoke.

Nafasi ya mwisho ni kati ya Rajab na Angara. Angara alikuwepo Port Elizabeth mwaka 2001 India ilipofungwa kwa mikimbio 70, akachukua 3. Rajab alicheza mechi chache tu, ila siku ya Pune alimpiga nguzo Richie Richardson, nahodha wa West Indies, na kumtoa Lara alasiri ileile. Kama kanuni ni mwaka, basi Rajab wa 1996 anamzidi Angara wa mwaka wowote. Elijah Otieno alikuja wakati timu imekwisha kuchoka, na hilo si kosa lake.

Kofia ya nahodha

Kikosini wako watatu walioongoza Kenya katika Kombe la Dunia: Odumbe 1996, Karim 1999, Tikolo 2003 na 2007. Wa tatu ana nusu fainali, ingawa ukweli ni kwamba pointi za mechi ya New Zealand zilikuja kwa sababu wageni walikataa kusafiri kwenda Nairobi. Bado aliwafunga Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe uwanjani, na ndiye aliyempa Karim mpira siku ya Durban. Tatizo ni kwamba mimi nimemchagua Tikolo wa 1997, ambaye hakuwa amepita hayo. Kwa sharti langu mwenyewe, kofia inakwenda kwa Odumbe, na anayeona haifai kichwani mwake anaweza kumpa Karim.

Kikosi kwa mpangilio wa kupiga: Otieno (glavu), Shah, Tikolo, Odumbe (nahodha), Modi, Mishra, Odoyo, Collins Obuya, Suji, Karim, Rajab Ali. Wa kumi na mbili ni Ongondo, na begi lake liwe tayari endapo kutakuwa na mawingu.